Onyesho la mwisho la Othello: mwongozo kamili wa kuliandaa jukwaani

Vikundi vingi vikianza kuandaa Onyesho la Pili la Tendo la Tano la Othello, tamthilia ya Shakespeare, kazi ya kwanza huwa kumtafuta Othello mwenye kifua cha kunguruma. Hapo ndipo mambo yanapoanza kuharibika. Othello, jemadari wa Venisi aliyedanganywa na msaidizi wake Iago kwamba mkewe Desdemona anazini na luteni wake Cassio, haingii chumbani na hasira. Wivu ulishamaliza kazi yake katika Tendo la Tatu; anayeingia sasa ni mtu anayejiona hakimu, mtulivu, taa mkononi, ambaye hukumu ameshaitoa na anatafuta namna safi ya kuitekeleza. Ukimchezesha kwa ghadhabu tangu mlangoni, hatakuwa na pa kupanda ukweli utakapomfikia.

Onyesho lina mistari ipatayo 370, na likichezwa zima huchukua kama dakika 20 hadi 25. Ndani yake wanakufa watu watatu, Iago anajeruhiwa, na uongo uliosukwa tangu mwanzo wa tamthilia unafumuliwa uzi baada ya uzi. Ugumu uko kwenye huko kufumua. Kuua jukwaani ni ufundi unaofundishika kwa mchana mmoja. Kuwafanya watazamaji waone ukweli ukihama kutoka kichwa hiki kwenda kile ni kazi ya siku nyingi, na huanzia mezani.

Matini: amueni mapema

Tamthilia hii ilichezwa mbele ya Mfalme James wa Kwanza katika kasri la Whitehall tarehe 1 Novemba 1604, lakini haikuchapishwa hadi 1622, katika kitabu kidogo. Mwaka uliofuata, 1623, ikatoka tena ndani ya mkusanyo mkubwa wa kazi za Shakespeare, safari hii ikiwa na mistari kama 160 zaidi. Tofauti hizo zinagusa onyesho lenu moja kwa moja. Katika chapa ya 1622 wimbo wa Willow, wimbo wa huzuni wa mapenzi, anaouimba Desdemona katika Tendo la Nne haumo, na kwa hiyo hata kipande ambacho Emilia, mtumishi wa Desdemona na mke wa Iago, anakiimba akikata roho hakimo. Mkicheza kwa kufuata 1623, hakikisheni wimbo ule umeimbwa kamili kabla, vinginevyo Emilia atafufua kitu ambacho watazamaji hawajawahi kukisikia.

Wanaofanya kwa Kiswahili wachague tafsiri moja na kila mwigizaji awe na nakala hiyohiyo. Kuchanganya mistari ya matini mbili huvuruga vidokezo vya kuingia, na onyesho hili lina watu wanaoingia kwa kasi katikati ya sentensi za wenzao.

Mezani: nani anajua nini

Chukueni karatasi kubwa. Juu andikeni majina: Othello, Desdemona, Emilia, Iago, Cassio, Lodovico (mjumbe kutoka Venisi), Gratiano (baba mdogo wa Desdemona), Montano (aliyekuwa gavana wa Cyprus kabla ya Othello). Pembeni andikeni vipande vya habari vinavyojenga udanganyifu:

- Hankachifu ambayo Othello alimpa Desdemona ilidondoka, Emilia akaiokota na kumpa mumewe (Tendo la Tatu).
- Iago aliitupa chumbani kwa Cassio.
- Cassio alimpa kimada wake Bianca anakili nakshi zake, na Othello, akiwa amejificha, aliona Bianca akiirudisha (Tendo la Nne).
- Iago ndiye aliyemtuma Roderigo, kijana anayemtamani Desdemona, kumuua Cassio usiku huu.
- Iago ndiye aliyemkata Cassio mguu gizani, kisha akamuua Roderigo.
- Cassio yuko hai.

Sasa jazeni kila mtu anajua kipi onyesho linapoanza, na mstari gani hasa anapokijua kile kingine. Msiruke hatua hii hata kama muda ni mfinyu. Mtagundua kwamba Othello anadhani Cassio amekufa, na Emilia anapomwambia Roderigo ndiye aliyeuawa, na kwamba Cassio hakufa, ndipo nyumba yote inapopata ufa wa kwanza. Mtagundua pia kwamba Emilia ana kipande muhimu kuliko vyote na hajui kwamba anacho. Aliiokota hankachifu mwenyewe. Alisikia Desdemona akiulizwa habari zake. Hakusema. Mwigizaji wake asipoibeba hatia hiyo tangu anapobisha mlango, ufunuo wake utakuwa kama tangazo la redio.

Iago ndiye pekee mwenye safu nzima iliyojaa, na kazi yake katika onyesho hili ni kuzuia wengine wasijaze safu zao. Tazameni zana anazotumia kwa mfuatano: kwanza nusu-ukweli (alisema tu alichofikiri, Othello akathibitisha mwenyewe), kisha amri ya mume kwa mke aende nyumbani, kisha upanga, na mwisho ukimya. Kila zana ni dhaifu kuliko iliyotangulia kama hila, na kali zaidi kama ukatili. Mwigizaji akiitambua ngazi hiyo hatahitaji kukunja uso hata mara moja.

Chumba na kitanda

Kitanda ndicho jukwaa lenyewe. Mwishoni watalala juu yake watu watatu, kwa hiyo upana usipungue sentimita 150, na kimo cha godoro kiwe kama sentimita 50 hadi 60 ili waliokaa nyuma ukumbini waone. Kiwekeni mshazari, kichwa cha kitanda kikielekea kona ya nyuma. Kikikaa sambamba na ukingo wa jukwaa, Othello atawapa watazamaji mgongo wakati wa kuua. Kikiwaelekea moja kwa moja kwa miguu, uso wa Desdemona utapotea.

Na uso huo una thamani. Mwaka 1610 kikundi cha Shakespeare kilipocheza Oxford, msomi Henry Jackson aliandika kwamba Desdemona, aliyechezwa na kijana wa kiume kama ilivyokuwa desturi, aliwagusa watu zaidi akiwa ameshauawa, amelala kitandani, sura yake tu ikiwaomba huruma. Kwa hiyo pangeni mwanga mdogo wa kudumu juu ya mto, nao usizimwe hata watu wengine wanapogombana upande wa pili.

Mapazia ya kitanda ni ya lazima. Emilia akiita mlangoni Othello huyafunga ili kuuficha mwili, na katika maneno ya mwisho kabisa Lodovico anaamuru kinachoonekana kifichwe. Tumieni kitambaa kizito kinachoteleza kwenye pete za mbao au chuma. Chandarua, ambacho ndicho cha kwanza kupatikana kwenye stoo, hakifai: kinaonyesha kila kitu.

Shuka ziwe nyeupe. Desdemona aliomba zitandikwe zile za harusi, na watazamaji wanalikumbuka hilo hata kama hawajui kwamba wanalikumbuka.

Silaha: zihesabuni

Hapa ndipo msimamizi wa jukwaa hupatwa na aibu. Othello anahitaji silaha tatu. Upanga wa kwanza anao, na Montano humnyang'anya. Wa pili, upanga wa Hispania, umefichwa chumbani. Anautoa, anamjeruhi nao Iago, kisha Lodovico anaamuru upokonywe. Ya tatu ni ile anayojiua nayo, na hakuna aliyejua anayo. Cassio anasema wazi kwamba alidhani hana silaha. Ongezeni upanga wa Iago na panga za walinzi.

Wekeni ya pili nyuma ya ubao wa kichwa cha kitanda. Ya tatu, jambia fupi, iwe mwilini tangu mwanzo, ndani ya mshipi upande wa mkono asioutumia sana. Ikiwekwa chini ya godoro atalazimika kuipapasa katikati ya hotuba yake bora. Makali yote yawe butu, ncha za mviringo, na msitumie visu vya kuchezea vinavyojikunja: hukwama, na vikikwama huumiza.

Taa anayoingia nayo Othello iwe ya betri. Mishumaa ya kweli karibu na mapazia, shuka na mtu aliyelala ni hatari isiyo na faida. Kama atasema maneno ya kuzima taa na kisha kuzima uhai, azungumze akiitazama taa hadi mwisho wa mstari, ndipo ageuke kumtazama mkewe. Mpangilio huo pekee unatosha kuwatuliza watazamaji ukumbi mzima.

Kumwamsha na kumuua

Mazungumzo ya kabla ya mauaji yachezwe kama shauri la mahakama: swali, jibu, ushahidi. Je, umesali? Hankachifu niliyokupa ulimpa Cassio. Desdemona anajibu kila swali kwa ukweli, na kila ukweli unamzamisha zaidi. Anapomlilia Cassio kwa kuwa amesikia ameuawa, Othello anasikia maombolezo ya kimada. Huo ndio wivu unavyofanya kazi wakati huu: ushahidi wowote, hata machozi, unaingia kwenye jalada lilelile.

Desdemona asiwe mnyonge wa kungoja. Anaomba afukuzwe asiuawe, anaomba auawe kesho, anaomba nusu saa, anaomba muda wa sala moja. Kila ombi ni dogo kuliko lililotangulia, na mwigizaji ajaribu kweli kushinda kwa kila moja. Harakati zake ziende kuelekea mlango, si ukutani.

Sasa mto. Utaratibu ni huu, na uzoezwe polepole mara nyingi kabla ya kuongeza kasi:

1. Punguzeni pamba katikati ya mto hadi ubaki mwembamba. Kingo zibaki nene.
2. Desdemona anageuza uso upande wa mbali na watazamaji mto unapofika, ili pua na mdomo vipate nafasi.
3. Othello anaweka viganja nje ya kichwa, kulia na kushoto, na uzito wake wote unaingia kwenye godoro. Hakuna uzito juu ya mto wenyewe.
4. Anayepigana ni Desdemona. Miguu na mikono yake ndiyo inayosimulia nguvu. Othello anabaki karibu tuli.
5. Mkono mmoja wa Desdemona ushike kifundo cha mkono wa Othello. Kubana mara mbili maana yake: acha sasa hivi. Ishara hiyo ijaribiwe kila siku ya mazoezi.
6. Muda usizidi sekunde 15. Zikizidi, watazamaji huacha kumwogopea mhusika na kuanza kumwogopea mwigizaji.

Sauti ya Emilia nje ya mlango ianze mto ukiwa bado umeshikiliwa. Hapa kuna mtego unaoleta kicheko: Othello anasema hajafa bado, anarudia, kisha Desdemona anazungumza muda mfupi baadaye. Kicheko huja Desdemona akizungumza kwa sauti ya mtu mzima wa afya. Apewe pumzi moja kwa kila kauli, macho yasifunguke kikamilifu, na mwili usiinuke.

Kati ya mauaji na mlango kufunguliwa kuna mistari inayopitwa haraka mno. Othello anahesabu: akiingia atataka kuzungumza na mke wangu. Kisha anajisikia amesema "mke wangu", na anajibu kwamba hana mke. Mpeni kimya cha sekunde tatu kabla ya jibu hilo. Hakimu anaanza kuvunjika hapo, kabla hajajua kwamba alidanganywa.

Desdemona akiulizwa nani amemfanyia hivi, anasema hakuna mtu, ni yeye mwenyewe. Ni uongo pekee anaousema katika onyesho zima, na anausema kumkinga muuaji. Othello kwanza anajikinga kwa uongo huo, kisha anakiri, na anamwita mwongo. Msijaribu kupamba.

Emilia ndiye injini

Kikundi kikiwa na mwigizaji mmoja tu wa kike mwenye nguvu, nisingesita kumpa Emilia badala ya Desdemona. Kuanzia anapoingia hadi anapokufa, yeye ndiye anayesukuma kila kitu.

Othello anamwambia mumewe alijua yote. Anauliza: "Mume wangu?" Anauliza tena. Na tena. Othello mwenyewe anachoka na kurudia huko. Maswali haya yakitoka kwa sauti moja, ukumbi utacheka mara ya tatu. Yagawanyeni: la kwanza ni kutosikia vizuri, la pili ni kusikia lakini kukataa, la tatu ni kuanza kukumbuka, na macho yaondoke kwa Othello, yatazame mahali pasipo na mtu. Baada yake, anaposema ubaya umeufanyia upendo mzaha, tayari anajua. Kinachobaki ni kumsikia Iago akithibitisha kwa kinywa chake.

Wanaume wakiingia, simamisheni Emilia kati ya kitanda na Iago. Hapo anakuwa ukuta, na kila neno la Iago lazima lipite kwake. Iago akimwamuru aende nyumbani, anajibu kwamba ni haki amtii, ila si sasa, na huenda asirudi nyumbani kamwe. Litamkwe polepole na kwa adabu. Wengi hulipigia kelele na kulipoteza.

Othello anapoitaja hankachifu kama ushahidi wake mkuu, Emilia anaisikia kwa mara ya kwanza kwenye mashtaka. Ndipo kipande alichokuwa nacho kinapopata mahali. Jambo moja: hankachifu yenyewe isionekane jukwaani katika onyesho hili. Waongozaji wengine humpa Cassio aje nayo. Matini haidai, na kitambaa kikionekana watu hukitazama kitambaa.

Sekunde tano za vurugu

Chapa ya 1622 inaeleza kwa ufupi: Othello anamkimbilia Iago, Iago anamuua mkewe. Kwa vitendo kuna mambo manne: Othello anashambulia, Montano anamzuia na kumpokonya upanga, Iago anamchoma Emilia, Iago anakimbia. Yapangeni kwa hesabu ya nane, kila tendo mbili. Othello avute macho ya watazamaji upande wa mbali na Emilia, ili jeraha lionekane wakati limeshatokea. Iago achome kwa ubapa wa upanga ukipita kati ya mkono na ubavu ulio mbali na watazamaji, umbali wa kiganja kutoka mwilini.

Damu ibaki kwa Emilia, Iago na Othello. Desdemona hana hata tone. Othello alisema hatamwaga damu yake. Chemsheni vikombe viwili vya sukari kwa kikombe kimoja cha maji hadi iwe nzito, ipoe, kisha kwa kila mililita 250 tieni vijiko viwili vya chai vya rangi nyekundu ya chakula, kijiko kimoja cha kakao na tone moja la bluu. Bila kakao itaonekana kama juisi. Kijiko cha sabuni ya maji husaidia kufua shuka, ila mchanganyiko wenye sabuni usikaribie mdomo wala macho. Mfuko mdogo wa mililita 15 unatosha kwa jeraha moja.

Emilia anaomba alazwe kando ya bibi yake. Fanyeni hivyo kweli, abebwe na watu wawili. Vikundi vinavyomwacha sakafuni vitakuja kujikwaa kwake baadaye, Cassio akiletwa kwenye kiti.

Barua, ukimya, na maneno ya mwisho

Barua za mfukoni mwa Roderigo ndizo sehemu kavu, na unaweza kuzipunguza: inatosha kusikia kwamba zinaeleza njama ya kumuua Cassio na lawama kwa Iago, na kwamba Roderigo mwenyewe alizungumza baada ya kudhaniwa amekufa. Habari ya kifo cha Brabantio, baba wa Desdemona, nayo yaweza kuondoka mkibanwa na muda.

Msikate, kwa vyovyote, Cassio akisema hakuwahi kumpa jemadari sababu, na Othello akijibu kwamba anaamini na anaomba radhi. Ni mistari miwili. Ndiyo haki yote ambayo Cassio anaipata.

Othello anamtazama Iago miguu, akitafuta kwato za shetani, kisha anasema hiyo ni hekaya tu. Anamjeruhi. Iago anajibu kwamba anatoka damu lakini hakufa, kisha, akiulizwa sababu, anasema asiulizwe kitu, wanachojua wanakijua, tangu sasa hatasema neno. Kutoka hapo hadi mwisho ni mistari karibu 70, na mwigizaji lazima aishi ndani ya ukimya huo bila tabasamu la ushindi. Mwambieni asikilize, basi. Akianza kucheza na uso, watu wataacha kumsikia Othello.

Hotuba ya mwisho ya Othello ni ripoti ya askari: amelitumikia dola la Venisi, waandike habari zake kama zilivyo, alipenda bila busara lakini kupita kiasi. Kisha hadithi ya Aleppo, ambako alimkamata kooni Mturuki aliyempiga Mvenisi. Jambia litoke kwenye jina Aleppo, lishikwe chini kama mtu anayeonyesha hadithi kwa mikono, na lipande kwenye neno "hivi". Likionekana mapema walinzi watalazimika kumzuia, na wasipomzuia wataonekana wazembe. Msimulizi na adui yake wamekuwa mtu mmoja. Ndiyo maana sauti isipande.

Neno kuhusu rangi. Emilia anamtukana Othello kwa weusi wake, na tangu Tendo la Kwanza ugeni wake ndio uliompa Iago mlango. Ambapo waigizaji wote ni weusi, msimpake mtu rangi usoni. Mpeni Othello lafudhi ya mbali, vazi tofauti na desturi ndogo za mwili ambazo wengine hawana, na matusi yale yatapata pa kutua.

Mazoezi

Tengeni vipindi visivyopungua sita vya saa mbili kwa onyesho hili peke yake: viwili mezani, kimoja cha mto na silaha bila maneno, viwili vya vipande kwa vipande, kimoja mfululizo na taa. Kila mara kabla ya kuingia, hata siku ya onyesho, fanyeni mauaji yote kwa nusu kasi mara mbili, dakika kumi, mbele ya msimamizi wa jukwaa.

Mwisho wa onyesho pazia la kitanda lifungwe na mkono wa Lodovico au mlinzi wake, taa zizimwe sekunde nne baadaye, na waliolala wasisogee hadi giza litimie. Kabla ya mtu yeyote kwenda kuinama mbele ya watazamaji, msimamizi ahesabu silaha zote zirudi sandukuni, ile jambia ikiwa ya kwanza.